Barua ya wazi kwa bakubwa wa Lubumbashi: msininunulie CD ya kwanza

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga,
Kwa Meya wa mji wa Lubumbashi,
Kwa waheshimiwa wabunge wa jimbo,
Na kwa wakurugenzi wa redio na televisheni zote za mji huu.

Bakubwa zangu, jambo yenu.

Mwisho wa mwezi huu ninatosha albamu yangu ya pili. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisoma "ninatosha albamu" watauliza inamtosha nani. Wavumilie, hapa kwetu kutosha ni kutoa nje, kama unavyotosha nguo kwenye sanduku. Ni nyimbo 11, zote kwa Kiswahili hiki hiki cha mitaa yetu ya hapa Lubumbashi: Katuba, Kenya na Kamalondo. Jina lake sitalitaja, maana hii ni barua, si tangazo. Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja wa protokole alinipigia simu akitaka kujua mambo mawili: mkubwa wake amewekewa kiti gani, na CD ya kwanza itaanza kwa dola ngapi.

Haitaanza. Safari hii hakuna mnada.

Wasomaji wa mbali pengine hawaijui desturi hii. Albamu hapa kwetu hubatizwa kama mtoto, na mtoto wa ubatizo lazima awe na baba wa ubatizo. Mkubwa anakuja na walinzi, anakaa mbele, anakatiwa utepe. Halafu mshika mikro anapandisha bei ya CD namba moja: dola mia, mia tatu, mia tano! Watu wanapiga makofi, kamera zinawaka, mkubwa ananyanyua CD juu kama kombe la Mazembe, timu yetu ya mpira. Kesho yake picha iko kila mahali na watu wanasema, huyu mwimbaji ameisha kuwa tajiri.

Mimi nilibatiziwa albamu ya kwanza hivyo hivyo. Mheshimiwa mmoja, ambaye namwacha bila jina, alitangaza mbele ya watu dola 1,000. Usiku ule msaidizi wake alinipa bahasha yenye 200 na kuniambia, "Mama, zile zingine pita ofisini kesho." Nilipita kesho. Nilipita tena Ijumaa. Nilipita mara sita. Mara ya nne mlinzi wa getini hakuniuliza tena kitambulisho. Mara ya tano simu yake iliita nikiwa nimesimama pale, na mlio wake ulikuwa wimbo wangu. Alicheka, akaniambia ameupata kwa rafiki. Mara ya sita alinionea huruma, akanipa benchi la kukalia na chupa ya maji, akaninong'oneza kwamba mkubwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Hesabu yangu inaniambia kwamba kati ya yule mheshimiwa na mlinzi wake, aliyenilipa vizuri zaidi ni mlinzi.

Na kuna mabanga. Hili nalo nitaungama, kwa sababu nisipolisema mimi mtalisema ninyi. Kwenye albamu ile ile nilikubali kulitaja jina la mtu katikati ya wimbo kwa pesa. Wote tunafanya, kutoka Kinshasa hadi huku: unaimba mapenzi, mara unakatiza ubeti unamsalimia mkurugenzi fulani, mke wake, watoto wake na gari lake. Yule wa kwangu alilipa taslimu, sina ugomvi naye. Miezi miwili baadaye aliondolewa kwenye kiti chake. Tangu siku ile hakuna redio iliyotaka kuupiga wimbo ule, maana kila anayeupiga anaogopa kuonekana ni mtu wake. Ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote niliyoandika. Alipofukuzwa kazi, ukafukuzwa naye.

Albamu hii mpya haina jina la mkubwa hata mmoja. Mkisikia jina, ni la mama yangu, na yeye hakulipa.

Nawaambia sasa namna ilivyotengenezwa, ili mjue ninachouza. Tulirekodi usiku. Studio yetu ni chumba cha nyuma huko Katuba, mita tatu kwa nne, kuta zimefunikwa trei za mayai na magodoro mawili ya sponji, mlango umezibwa na blanketi. Mchana ni delestaji, umeme wanaukata kwa zamu. Usiku kama saa tano hivi umeme unarudi ukiwa na nguvu ya kuwasha kompyuta bila kuiua. Feni inazimwa, maana mikro inasikia kila kitu, hata jogoo wa jirani ambaye hajui saa. Kwenye wimbo wa saba kuna karindula, lile banjo letu kubwa la pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Ngozi hulegea kwa baridi, na katikati ya kipwa, majira yetu ya ukame, Lubumbashi ina baridi ya kweli. Mpigaji akawasha mbabula, jiko letu la makaa, uani, akalisogeza pipa karibu na makaa, akawa anaipigapiga ngozi kwa kidole na kuisikiliza, anaigeuza, anaipiga tena, mpaka ikalia anavyotaka. Kisha akakimbia nalo ndani kabla halijapoa. Kila mara tulikuwa na dakika kumi tu. Mara ya sita, nilipofika kwenye ubeti wa mwisho, ule ambao koo langu lilikuwa linaukataa tangu Jumatatu na sasa limeukubali, umeme ukaenda.

Kompyuta ilikuwa imeshika nusu ya ubeti. Nusu hiyo ndiyo iko kwenye albamu. Nusu ya pili niliimba wiki mbili baadaye nina mafua, na mwenye masikio atasikia mahali tulipounganisha.

Sitawalilia kuhusu umeme. Najua kwamba waya wa umeme wa bwawa la Inga unasafiri kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya karindula. Hiyo ni barua nyingine, na wengi wameisha kuiandika.

Ninachotaka ni kitu kidogo kuliko umeme, na kiko kwenye sheria zenu wenyewe. Sheria-amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inasema wimbo ni mali ya aliyeutunga, na anayeupiga hadharani kwa biashara yake lazima awe na ruhusa na alipe. Mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tangu 2011 kuna SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA ya zamani, yenye kazi ya kukusanya pesa hizo na kuzigawa kwa watunzi. Sheria ipo, chombo kipo. Lakini hakuna chombo kinachoweza kugawa pesa ambayo haikuingia, na haiingii kwa sababu wanaopiga nyimbo zetu wanaona wanatufanyia hisani.

Hisani! Nilipeleka wimbo mmoja wa albamu hii kwenye redio moja ya mjini, siitaji. Kijana aliyenipokea aliusikiliza wote, mguu wake ukicheza chini ya meza. Nikajua nimempata. Ulipoisha akavua hedifoni na kusema, "Mama, wimbo ni muzuri. Sasa unatuachia nini?" Nikamwambia ninawaachia wimbo. Akacheka kwa adabu, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi bei ya kupigwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Mimi simlaumu sana yule kijana. Waandishi wengi wa habari na watangazaji wa mji huu wanaishi kwa kupaji, ile bahasha ya mwenye habari, kwa sababu mshahara unakuja ukitaka. Lakini oneni jinsi mambo yalivyogeuzwa: sheria inasema redio imlipe mwimbaji, desturi inasema mwimbaji ailipe redio, na wakurugenzi mnaopokea barua hii mnaijua sheria na mnaishi kwa desturi.

Halafu uchaguzi wa Desemba 2023. Wiki nzima kabla ya tarehe 20, gari la mgombea mmoja lenye spika nne juu ya paa lilipita mtaani kwetu kila asubuhi saa kumi na mbili. Wimbo ulikuwa wangu. Hakuna aliyeniomba, hakuna aliyenilipa, na ubeti wangu kuhusu mume mwongo ulikuwa umekatwa katikati ili jina lake liingie. Mwanangu mdogo alikuwa akikimbia dirishani na kuniita, "Mama, njoo, unapita!" Siku tatu za kwanza nilijivuna, siwezi kusema uongo. Siku ya nne jirani mmoja wa chama kingine aliacha kunisalimia. Nikawa nimepiga kampeni ya mtu bila kujua sera yake, na bila hata pagne moja, kitenge kimoja, ya kampeni.

Waheshimiwa wabunge, kuna kati yenu ambao magari yenu yalipita hivyo na nyimbo za wenzangu. Sihitaji kuwanyooshea kidole. Kila mmoja anajua gari lake lilikuwa linaimba nini.

Msije sasa mkasikia barua hii na kutuma polisi kwenye soko la Kenya kuwakamata wale vijana wanaouza nyimbo chini ya miavuli. Nawajua jinsi mnavyotatua mambo. Nilikwenda huko mwezi uliopita. Kijana ana kompyuta kuukuu, betri ya gari chini ya meza, na foleni ya watu wenye kadi za kumbukumbu za simu. Unamwambia, nijazie rumba, nijazie za kanisa, nijazie Bongo, anajaza, unalipa. Nikamwomba anijazie wimbo wangu wa zamani bila kusema ni wangu. Alikuwa nao. Nikamuuliza nani ameimba. "Mwanamuke moja wa Kolwezi," akaniambia bila kupepesa macho, "lakini anaishi Belgique sasa." Nililipa, nikaenda zangu. Huyo kijana amenihamishia Ulaya bila viza, sawa, lakini yeye ndiye anayefikisha sauti yangu kwa kreuseur, mchimba madini wa mkono, aliyeko kwenye shimo la Kawama na kwa dereva wa lori aliyelala foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku nne. Yeye ndiye duka la muziki pekee tulilobaki nalo. Mpeni kibali cha bei ndogo, abandike karatasi kwenye mwavuli wake, sehemu ya hiyo pesa iende kwa watunzi, na amwandike mwimbaji jina lake sahihi. Atalipa. Mbona kodi ya soko analipa kila siku?

Kuna mtu ataniambia Lubumbashi si mji wa muziki, muziki ni Kinshasa. Mwaka 1952, Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika na mashine zake za kunasa sauti, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana wa Bunkeya anayepiga gitaa kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke. Aliimba Kiswahili, Kiswahili cha kwetu, na sahani zake za muziki zilifika Nairobi zikawafundisha watu gitaa. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990. Fanyeni hesabu ya sheria: tungo zake zinalindwa hadi 2040. Kila mara gitaa lile linapopigwa kwenye sherehe zenu kabla ya hotuba, ili wageni waone kwamba tuna utamaduni, kuna bili ndogo ambayo haijaandikwa.

Na tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa dunia wa utamaduni usioshikika, hapa kila mkubwa alicheza mbele ya kamera. Nilifurahi pia. Asubuhi yake niliamka nikiwa urithi wa dunia na deni la studio.

Msinijibu kwamba serikali haina masikio ya muziki. Inayo, tena makali. Mwimbaji Tshala Muana alizaliwa katika mji huu; Novemba 2020 alitoa wimbo mmoja tu, watu wakadhani wameelewa unamsema nani, naye akakamatwa Kinshasa, akaachiwa siku iliyofuata. Novemba 2021 Komisheni ya udhibiti wa nyimbo na maonyesho ilizuia nyimbo kadhaa kwa siku moja, na mji mzima wa Kinshasa ukazitafuta, hata wale ambao walikuwa hawajazisikia. Kwa hiyo, wimbo ukiuma, mnausikia ndani ya saa 24. Wimbo ule ule ukipigwa bure miaka 20 kwenye baa, kwenye hoteli, kwenye basi na kwenye mkutano wenu, masikio yanaziba.

Neno moja kuhusu ukumbi, kisha nawaacha.

Nilitafuta mahali pa kuzindulia albamu. Hoteli moja ilitaka pesa ambayo albamu nzima haikugharimu. Ukumbi mwingine wa umma nilipewa bei tatu tofauti na watu watatu tofauti katika korido moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi yenye muhuri. Nikatoka nje nikapita mbele ya Batima ya 30 Juni, lile jengo kubwa la mjini, nikasimama. Wazee wetu wanajua: nyumba ile ilijengwa miaka ya 1950 kuwa jumba la tamthilia la mji. Jukwaa ni la kweli, na aliyeichora alikuwa anafikiria sauti ya mtu anayeimba bila mikro ifike kiti cha nyuma. Leo ndiyo Bunge la Jimbo. Waheshimiwa, mmekaa juu ya jukwaa letu, na baadhi yenu, nasema kwa heshima, mnalitumia vizuri kuliko waigizaji.

Siwafukuzi. Mna vikao viwili vya kawaida kwa mwaka, na kati ya kikao na kikao kuna miezi ambayo vumbi la kipwa ndilo mbunge pekee anayehudhuria. Tupeni usiku mbili kwa mwezi katika miezi hiyo. Wekeni bei, ibandikeni mlangoni, iwe moja kwa mwenye shangazi serikalini na kwa asiye na shangazi. Tutalipa. Tutafagia.

Na ninyi wakurugenzi wa redio: kila wimbo mnaoupiga, andikeni jina lake, mtunzi wake na saa. Bila orodha hiyo hakuna anayeweza kujua nani anadaiwa na nani. Si lazima mashine kutoka Ulaya. Daftari la kurasa 200 linatosha, na hapa nasema Kiswahili cha Dar.

Gavana, Meya: sherehe ijayo ya jimbo mkitaka muziki, msimwite mwimbaji aje "kusaidia", halafu mumpe soda na bahasha baada ya saa tano za kusubiri juani. Mwandikieni mkataba wa ukurasa mmoja. Anayepaka rangi ukuta kwa ajili ya mgeni huyo huyo anapewa mkataba.

Albamu yangu itazinduliwa kwenye ukumbi wa parokia huko Katuba, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi alasiri, kwa sababu ya umeme. Mlangoni ni franka 5,000 kwa mkubwa, franka 5,000 kwa kreuseur, na mama wa michopo, nyama choma, wa nje anaingia bure kwa sababu ametuazima viti. CD zote zina bei moja, ya kwanza na ya mia. Hakuna kiti chenye jina. Walinzi wa bakubwa nao walipe, isipokuwa mmoja wa geti fulani, anajijua, huyo nimemwekea CD yake pembeni. Njooni na noti ndogo, maana chenji hatuna.

Mimi mtoto wenu,
Mwimbaji wa Katuba